Karatasi Kwanza, Spana Baadaye

“Mzee, hii gari ni ya nani?”

Nilimwuliza Mzee Javan Amolo swali hilo mwaka wa 2017. Nilikuwa darasa la tatu, na goti langu moja lilikuwa linavuja damu kwa sababu nilikuwa nimeruka ua lao kufuata mpira. Mpira uliingia chini ya gari. Nilipoinama kuutoa niliona matairi hayagusi ardhi. Gari lilikuwa limekalishwa juu ya mawe manne. Niliposimama nikaona kuku amelala kwenye kiti cha nyuma kama abiria aliyechoshwa na safari.

Mzee Javan alikuwa amesimama hapo kando na kikombe cha chai. Hakuniuliza mbona nimeruka ua. Aliliangalia gari, akaniangalia mimi, akafungua mlango wa nyuma, akatia mkono chini ya yule kuku na kutoa yai.

“Mpelekee mama yako,” akasema. “Na upite kwa geti.”

Swali hakulijibu. Nilienda zangu nikifikiri ni vile wazee hawapendi kuulizwa maswali na watoto. Sasa niko Form Three, na nimekuja kujua kwamba siku ile Mzee Javan hakuwa na jibu.

Sisi tunakaa Kapsoya, na kati yetu na akina Amolo kuna ule ua tu. Mzee Javan alitoka upande wa ziwa akaja Eldoret mwaka wa 1989 kutafuta kazi, na kazi aliyopata ni kutengeneza meno ya bandia kwenye kliniki moja mjini. Yeye si daktari. Daktari anang’oa, Mzee Javan anarudisha, ndivyo mkewe, Mama Leonida, anavyopenda kueleza. Hao wawili hawana mtoto nyumbani. Walio nao ni wakubwa na wako Nairobi.

Meno ni kazi. Magari ya zamani ndiyo mapenzi. Mzee Javan akipata gari la miaka ya sitini au sabini limelala kwenye boma la mtu, limejaa magunzi ya mahindi na panya, hulinunua, hubadilisha jina la mwenye gari kwenye karatasi, kisha hulifufua polepole Jumamosi baada ya Jumamosi kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba. Hapati faida ya maana. Ukimwuliza anapata nini anasema gari la siku hizi ukifungua boneti unaona plastiki tu, lakini la zamani ukifungua unaona mawazo ya mtu.

Kitu kilichonifanya niwe nikienda pale kila likizo ni vifaa vyake. Mafundi wengine wana nyundo na msasa. Mzee Javan ana hivyo pia, lakini ana tena drili ndogo ya kusaga meno, ambayo huitumia kukwangua kutu mahali ambapo kidole hakifiki. Kifundo cha redio kikipotea, hapigi simu Nairobi. Anaweka plasta kwenye kile kilichobaki, anapata umbo, anamimina ile plastiki ya waridi inayotumika kutengeneza ufizi. Kwa hivyo magari yote yaliyopita mikononi mwake yana mahali fulani pa rangi ya ufizi. Kuna Volkswagen aliyoinunua kwa nesi mstaafu wa kijiji kinachoitwa Ziwa. Karatasi za gari hilo zilikuwa safi kwenye mkebe wa biskuti, jina likabadilishwa, na baada ya miezi kumi na mmoja likawa linang’aa. Viti alishona Mama Leonida, ambaye kazi yake ni kushona mapazia. Siku hizi linabeba maharusi, na kichwa cha gia yake ni cha waridi. Maharusi wanadhani ni urembo.

Lakini sharti lake kubwa mimi sikulielewa kwa muda mrefu. Mzee Javan hashiki gari mpaka logibuku iwe imetoka. Logibuku ni ile karatasi ya serikali inayosema gari ni la nani. Kabla haijabadilishwa jina, hafungui hata nati moja. “Karatasi kwanza, spana baadaye,” husema, kama mtu anayesema wakati wa kula tunanawa mikono.

Mama Leonida ndiye aliyenieleza sharti lilitoka wapi. Zamani, kabla ya mimi kuanza shule, Mzee Javan alinunua pikapu ya Datsun kule Turbo kwa mtu anaitwa Wasike. Gari lilikuwa la kaka yake Wasike, ambaye alikuwa amekufa. Mzee Javan aliuliza logibuku. Wasike akacheka: “Ndugu yangu yuko mchangani. Sasa gari itakuwa ya nani tena?” Wakashikana mikono. Miaka miwili Mzee Javan alilala chini ya pikapu hiyo. Rangi ilipokauka tu, mtoto wa marehemu akaja na polisi wawili, na logibuku ya baba yake ndani ya bahasha.

“Na Mzee akafanya nini?” nikauliza.

“Akampatia funguo. Ati akamwonyesha na vile ya kuvuta choki injini ikikataa kuwaka asubuhi kukiwa na baridi! Mimi nilikuwa natafuta mwiko nimchape nao.”

“Huyo kijana?”

“Amolo!”

Mzee Javan mwenyewe alisema kijana hakuwa na kosa. Gari lilikuwa la babake na karatasi ilisema hivyo. Pikapu hiyo bado iko. Inabeba kabichi sokoni. Nilishawahi kumwona Mzee akipita kando yake, akaigusa boneti kidogo kwa kiganja, vile mtu anagusa kichwa cha mtoto wa jirani, kisha akaendelea na safari yake ya kununua nyanya.

Sasa nirudi kwa lile gari la kuku. Ni Pijo 404, ile ndefu ya nyuma, rangi ya maziwa yaliyokaa. Ilikuwa ya Mzee Ndungu wa Timboroa, mkulima wa viazi. Siku za kazi ilibeba viazi na Jumapili ilibeba kwaya. Mzee Ndungu alikufa mwaka wa 2012. Miaka minne baadaye mkewe, Mama Waithira, alimuuzia Mzee Javan. Waliandikiana kwa chifu, gari likavutwa hadi Kapsoya. Shida ilikuwa moja tu. Logibuku ilikuwa na jina la Ndungu, na mtu akishazikwa hawezi kutia sahihi. Ilibidi Mama Waithira aende kortini Eldoret, asimame mbele ya hakimu aulizwe maswali, apewe barua ya kusimamia mali ya marehemu. Akishapata barua hiyo ndiyo angeweza kubadilisha jina.

“Ni mambo ya miezi miwili,” Mama Waithira akasema.

Mzee Javan akaliweka gari juu ya mawe ili matairi yasioze, akalifunika turubai, akangoja.

Kwa hivyo ona vile swali langu lilikuwa gumu. Kwa serikali, gari lilikuwa la marehemu. Kwa chifu, lilikuwa la Mzee Javan. Kwa macho, lilikuwa la kuku.

Mama Leonida aliliita mke mwenza. “Mwenzangu halali ndani lakini anafunikwa kuliko mimi,” alikuwa akisema mvua ikianza, Mzee akitoka mbio na kamba za turubai. “Siku moja nitaamka nikute amepelekewa uji.”

Kila baada ya mwezi au miwili Mzee Javan alipanda Timboroa kuuliza habari za korti. Huko kuna baridi ambayo hata mtu wa Eldoret anaiheshimu. Mama Waithira alimkaribisha vizuri, akamkalisha karibu na moto, akampa chai. Kisha akampa sababu. Viazi viko karibu kuchimbwa. Ng’ombe anakaribia kuzaa. Mvua imeharibu barabara. Mguu unauma. Chifu amehamishwa. Mzee Javan hakugombana naye hata siku moja. Alishukuru, akabeba gunia dogo la viazi alilopewa, akarudi nyumbani. Mwaka wa kwanza ukaisha hivyo, na wa pili. Wa tano ukaisha.

“Tumekula hiyo kesi ikichemshwa, tumekula ikikaangwa,” Mama Leonida akasema.

Mwaka wa 2021 nilikuwa nimeketi nao kwenye veranda nikaona chai ya Mzee Javan inacheza kwenye kikombe. Hakuna aliyegusa meza. Ilikuwa mkono wake wa kulia. Aliweka kikombe chini akasema ni baridi. Haikuwa baridi. Hospitali walimwambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, kwamba dawa zitaupunguzia mwendo lakini hazitaurudisha nyuma, na kwamba mkono wa kushoto nao utafuata. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Kuanzia hapo kila mtu kwenye ploti yetu alijua hesabu ilivyo. Pijo ilihitaji mikono ya Mzee Javan. Mikono ilikuwa inaondoka. Karatasi ilikuwa bado. Na kutu haikuwa ikingoja mtu. Milango ilikuwa imeanza kutoboka chini.

Jirani yetu Kiptoo, ambaye ana gereji, alikuja Jumamosi moja akainua turubai bila kuuliza.

“Mzee, hii unangoja nini? Anza sasa ukiwa na nguvu.”

“Logibuku.”

“Logibuku! Nani atatoka Timboroa kuja kudai hiki chuma? Hata kuku amehama.”

“Ikiwa chuma hakuna mtu atakuja,” Mzee Javan akasema. “Watakuja ikiwa gari.”

“Mama mwenyewe amekuuzia!”

“Wasike pia aliniuzia.”

Kiptoo akashusha turubai. “Haya basi. Lakini hiyo mkono haijui mambo ya Wasike.”

Maneno hayo yalikuwa makali, na nafikiri Kiptoo mwenyewe alijuta, kwa sababu jioni alileta maziwa. Mzee Javan aliyapokea. Hakushika spana.

Likizo ya Agosti 2023 Mama Leonida aliamua kwamba safari ya Timboroa safari hii anaenda yeye pia. “Miaka saba mwanaume anaenda kwa mjane kurudi na viazi,” akamwambia mama yangu juu ya ua, “wacha na mimi nikaone hilo shamba.” Mimi niliomba kwenda kwa sababu sikuwa nimewahi kufika. Ndiyo maana niliona yaliyotokea kwa macho yangu.

Mama Waithira ni mrefu, mwembamba, na ana kitambaa cha kichwa ambacho ncha yake moja huishika mbele ya mdomo akiongea. Nilifikiri ni baridi, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimejifunika. Alitukaribisha jikoni. Mzee Javan akanywa chai yake, akauliza habari ya korti, akaambiwa ng’ombe anaharisha, akasema pole. Kisha akatoka nje kuangalia kibanda alimokuwa analala Pijo zamani, labda kuna bampa ilibaki.

Tukabaki wanawake watatu, mimi nikiwemo, na moto. Mama Leonida akaanza hadithi yake ya mke mwenza, na turubai, na uji. Mama Waithira akacheka. Alicheka kwa nguvu mpaka akasahau kitambaa kikaanguka. Juu, mdomoni, hakuwa na jino hata moja.

Alikirudisha haraka. Mama Leonida akatia kuni motoni kama ambaye hajaona. Kisha akauliza polepole, “Mama, hebu niambie ukweli. Ni korti unaogopa?”

“Sio korti.”

“Ni hakimu?”

“Ni mdomo,” Mama Waithira akasema.

Akatueleza. Mwaka uliofuata mazishi ya mumewe alianguka kutoka kwenye ngazi ya stoo ya viazi. Meno ya mbele yakavunjika siku hiyo, mengine yakayafuata moja moja. Siku moja alikuwa kwenye foleni mjini anashughulikia karatasi za marehemu, kijana wa dirishani, mdogo kama mjukuu wake, akamwambia, “Shosho, sema vizuri, sikusikii.” Watu nyuma wakacheka. Akatoka, hakurudi tena.

“Kortini unasimama peke yako,” akasema. “Unaambiwa useme jina la mzee wako mbele ya watu wote. Nilitaja Ndungu miaka thelathini na nne. Sasa nikasimame huko, jina lake litoke kama upepo kwa dirisha, watu wacheke? Heri hiyo karatasi ikae.”

“Na mbona hukumwambia Amolo? Miaka saba yote!”

“Ningemwambia nini? Yeye ni mtu wa magari.”

Mama Leonida akaanza kucheka, si kile kicheko cha hadithi, kingine, mpaka akashika fremu ya mlango. Nilidhani Mama Waithira atakasirika.

“Amolo!” Mama Leonida akaita. “Wewe Amolo! Kuja hapa.”

Mzee Javan akaja na utando wa buibui kwenye nywele.

“Mwambie huyu mama unafanya kazi gani.”

“Kazi?”

“Kazi yako ya mjini. Ile imekulisha kabla ya viazi vyake.”

“Natengeneza meno,” Mzee Javan akasema.

Mama Waithira alikuwa ameshika kitambaa kwa mikono yote miwili.

“Meno gani?”

“Ya watu.”

Ndipo Mzee Javan akaangalia kitambaa. Nafikiri ni mara yake ya kwanza kukiangalia. Miaka saba alikuwa ameketi hapo akiangalia bahasha ya logibuku juu ya kabati, na kazi yake yote ni midomo. Alikaa chini kwenye kigoda polepole.

“Uuwi, mama,” akasema. “Mimi ni mjinga.”

“Hapo hatubishani,” Mama Leonida akasema.

Meno ya juu ni kumi na manne. Nilijua hivyo kwa sababu Mzee Javan alinieleza kazi yote. Kwanza mtu anauma plasta laini ili kupata umbo la ufizi. Kisha unapanga meno kwenye nta, moja moja, mgonjwa anakuja kujaribu, unarekebisha, halafu ndiyo nta inatolewa na plastiki ya waridi inaingia mahali pake. Kupanga ndiyo kazi. Jino likilala kidogo tu, mtu akisema “samaki” anapiga mluzi.

Kliniki walikuwa na fundi mwingine, msichana anaitwa Christabel ambaye Mzee Javan mwenyewe alimfundisha. Christabel alimwambia, “Mzee, nipee hii nifanye, wewe ukae hapo unielekeze.” Angekubali ingeisha wiki moja. Alikataa. Alisema miaka saba hakumtazama huyo mama usoni, na deni kama hilo halilipwi na mkono wa mtu mwingine.

Wakati huo mikono yake ilikuwa inatulia kidogo asubuhi tu, baada ya dawa, kwa saa mbili hivi. Alikuwa anaweka viwiko juu ya mikebe miwili ya plasta, anabana pumzi, anaweka jino. Akichoka anaacha. Wiki ya pili jino moja la mbele lilikuwa limeegama. Akayeyusha nta yote akaanza upya. Akaanza upya tena mara ya tatu. Ilichukua wiki tano. Baada ya hayo meno hakutengeneza mengine. Aliiachia kliniki vifaa vyake isipokuwa ile drili ndogo, akaaga, na Christabel akashika nafasi yake.

Siku ya korti mimi nilikuwa shuleni. Nimeisikia kutoka kwa Mama Leonida, kwa hivyo ukiona imetiwa chumvi jua ni yake. Anasema Mama Waithira alikuja na sare yake ya akina mama wa kanisa, amepiga pasi hadi leso. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimefungwa nyuma, ncha zote. Kijana wake mkubwa, Muigai, alikuwa ametoka Nakuru. Aliwahi kusema kwa simu kwamba hana haja na hayo mabati na atatia sahihi popote, lakini alikuja mwenyewe kwa sababu alisikia mama ana meno. Hakimu akauliza, “Marehemu alikuwa nani wako?”

“Ndungu alikuwa bwana yangu,” Mama Waithira akasema, na Mama Leonida anaapa kwamba watu waliokuwa wamekaa nje kwenye mabenchi waligeuka kuangalia ni nani huyo.

Hakuna aliyecheka. Korti haikukimbia, kulikuwa na miezi ya kungoja kama kuna mtu atapinga, na miezi mingine ya kungoja barua ithibitishwe. Lakini sasa kungoja kulikuwa na tarehe. Barua ilithibitishwa mwaka huu.

Likizo hii ya Agosti, Jumamosi ya kwanza, Mama Waithira aliteremka Kapsoya yeye mwenyewe kumaliza mambo. Siku hizi kubadilisha jina la gari ni kwa mtandao, na Mzee Javan aliniita nije niandike kwa simu kwa sababu vidole vyake vinagusa herufi tatu kwa wakati mmoja. Tuliketi nje kando ya Pijo, turubai likiwa limetolewa. Mwanga haukuisaidia. Taa moja haikuwepo, kutu ilikuwa imekula sehemu za chini za milango, na kiti cha nyuma bado kilikuwa na manyoya.

Mama Waithira alizunguka gari mara moja, akachungulia ndani. “Hapo ndipo sauti ya tatu ya kwaya ilikuwa inakaa,” akasema, akionyesha alipokuwa akilala kuku. Kisha akaketi akapewa hindi la kuchoma, na akalila. Nililiangalia hilo hindi kuliko nilivyoangalia simu. Alianza upande mmoja akaenda mpaka mwisho, mstari kwa mstari, bila haraka.

“Yanauma?” Mzee Javan akamwuliza.

“Yanauma mahindi,” akasema.

Mama Leonida alikuwa anaingia na kutoka. Tangu asubuhi alikuwa amepoteza kitambulisho chake, na alikuwa ameshapekua mikoba, vyerehani na mifuko ya mapazia ya watu. “Musimbi, hujaona kitambulisho changu? Nilikuwa nimekiweka kwa Biblia.” Sikuwa nimekiona. Akaingia tena, tukasikia droo zikifungwa.

Niliandika namba ya gari. Nikaandika namba ya barua ya korti na ya kitambulisho cha Mama Waithira, nikapiga picha karatasi, nikazipakia. Mtandao ukazunguka, ukazunguka, ukakubali. Ukafungua ukurasa mwingine uliotaka habari za mmiliki mpya wa gari.

“Mzee, sasa nipatie kitambulisho chako.”

Alitia mkono kwenye mfuko wa shati. Ilimchukua muda, kwa sababu mikono yote miwili sasa inatetemeka na mfuko wa shati ni mdogo. Sikumsaidia, hapendi. Alipokitoa kilikuwa kinacheza kati ya vidole kama jani, ikabidi nikishike ndipo nisome.

Picha ilikuwa ya Mama Leonida, akiwa kijana, amekasirika.

Nikamwangalia Mzee. Nikaangalia mlangoni, ambapo Mama Leonida alikuwa ametokea na kibuyu cha maziwa ya kumkaribisha mgeni, akaona kadi iliyo mkononi mwangu, akasimama. Mama Waithira akaacha kutafuna. Sikujua niandike nini, na swali lililonitoka mdomoni ni lile lile la mwaka wa 2017.

“Lakini Mzee, kwani hii gari ni ya nani?”

“Ni ya Leonida,” akasema. “Nimeona huyu mama akisumbuka miaka na jina la mwanaume aliyezikwa, na mimi mwili wangu unauona. Sitaki Leonida asimamishwe mbele ya hakimu kwa ajili ya Pijo. Karatasi iwe yake, na spana kuanzia Jumatatu tutashika wawili, yeye ana mikono na mimi najua ni nati gani. Andika, nyathina, mwanangu, usiniangalie hivyo. Mimi nikitaka kuiendesha Jumapili nitaomba funguo.”